Mwalimu, Mbona Huyu Dean Simjui?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma, nina miaka 27, na ukurasa wako nausoma tangu nikiwa kidato cha tatu. Mwezi uliopita nilikuta On the Road, riwaya ya Mmarekani Jack Kerouac, kwenye lundo la vitabu vya mtumba, nikainunua kwa shilingi 3,000. Nimeisoma yote, kamusi ya simu pembeni, na nimebaki na hasira. Watu wanatoka New York wanakwenda Denver, wanakwenda San Francisco, wanarudi, wanaondoka tena. Dean Moriarty anapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, lakini ukiniuliza ni mtu wa namna gani sina la kusema, zaidi ya kwamba anaendesha gari kwa kasi na hatulii na mke mmoja. Sal anayesimulia ndiyo simjui kabisa. Wanawake wanaingia, wanalia, wanaachwa. Shuleni tulifundishwa kwamba riwaya nzuri ina wahusika duara, wanaokua na kubadilika. Je, tatizo ni Kiingereza changu au ni kitabu chenyewe? Nauliza kwa sababu nami nina madaftari mawili ya riwaya yangu, safari ya treni kutoka hapa Kigoma hadi Dar es Salaam, na naogopa isije ikawa hivyohivyo.

Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kiingereza chako hakina ubaya wowote. Ulichokiona kimo kweli mle kitabuni, na wengi hukiona wakanyamaza kwa kuogopa kuambiwa hawakuelewa. Umefanya vizuri kuuliza.

Mimi nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 22, niko chuo cha ualimu, nikakipenda kwa moyo wote. Nilikuwa nataka kwenda tu, popote. Mara ya pili nilikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Nilipofika pale Dean anapotoka nyumbani na kumwacha mkewe Camille ana mtoto mmoja mkononi na mwingine yuko njiani, nikakifunga, na sikukigusa tena kwa miaka mingi. Mara ya tatu ni kwa ajili ya barua yako. Wiki mbili hizi nimekaa nacho barazani hapa Isevya, Tabora, penseli mkononi, na nikajipa kazi moja: kila mahali gari linaposimama na watu wakakaa zaidi ya usiku mmoja, naweka alama pembeni.

Fanya hivyo na nakala yako. Gari likiwa linatembea, watu wa kitabu hiki wanabaki kuwa sauti. Wanacheka, wanapayuka, wanapita. Gari likisimama, wanaanza kupata mwili.

Mtazame Terry, yule binti wa Kimeksiko ambaye Sal anakutana naye Bakersfield, katika sehemu ya kwanza ya kitabu, mwaka 1947. Wanafika Sabinal, wanakaa kwenye hema pamoja na mtoto wake mdogo, Johnny, wanachuma pamba. Malipo ni dola 3 kwa ratili 100. Sal vidole vinamtoka damu, na jioni anakuta amepata kama dola moja na nusu, na hiyo ni baada ya Terry na yule mtoto kumsaidia, maana wao ni wepesi kuliko yeye. Mama yangu ni mtu wa Igunga, na pamba nimechuma utotoni. Lile ganda lililokauka linalofumbata pamba lina ncha, na ncha hizo hazichomi kiganjani, zinaingia pale ukucha unapokutana na nyama. Ukishachuma siku moja unamjua mwenzako wa mstari wa pili kuliko ndugu uliyezaliwa naye: nani anakwenda haraka akaacha pamba nyuma, nani anaimba, nani anaongeza kiganja kimoja kwenye mfuko wa mwenzake bila kusema. Terry ni wa kundi hilo la mwisho. Kerouac hakutuambia kwamba ni mwanamke mwema. Alituonyesha akichuma. Siku wanapoagana, kila mmoja anakwenda hatua kadhaa, wanageuka, wanatazamana. Ukurasa ule ukikuacha mkavu, urudie jioni, kazi ikiwa imekwisha.

Kisha Sal anarudi kwa shangazi yake, gari linaondoka tena, na Terry hatajwi ila kwa mbali. Hapo ndipo hasira yako ilipoanzia, hata kama hukujua.

Alama yangu ya pili niliiweka kwa Galatea. Mumewe, Ed Dunkel, alimwoa ili fedha zake ziwafikishe New York, na zilipokwisha yeye na Dean wakamwacha hotelini Tucson. Kwa kurasa nyingi anatajwa kama mzigo. Lakini katika sehemu ya tatu wote wamekusanyika chumbani San Francisco, hakuna gari, hakuna pa kwenda, na Galatea anamgeukia Dean na kumwambia usoni kwamba hajali mtu ila nafsi yake, kwamba anachukua kwa watu raha na fedha kisha anawatupa, kwamba maisha si mchezo. Dean amesimama katikati ya chumba, kidole gumba kimefungwa bandeji chafu inayofumuka, hana jibu. Hapo Galatea ni mtu kamili. Alihitaji kurasa mbili na chumba kisichotembea.

Sasa nikupinge kidogo, mwanangu, kuhusu Dean. Umesema habadiliki. Fuata mdomo wake tu. Mwanzoni maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, sentensi haina mwisho. Katikati anaanza kubaki na vicheko na "ndiyo, ndiyo". Mwishoni anavuka bara zima la Marekani kuja New York kumwona Sal, anafika, na kuzungumza hawezi tena. Sal anakwenda kumsikiliza mwanamuziki wa jazi Duke Ellington, yuko ndani ya gari na marafiki, na wenye gari hawataki kumpa lifti. Dean anaondoka peke yake kwa miguu, ndani ya koti kuukuu lililoliwa na nondo, anapinda kona. Mtu ambaye kitabu kizima alikuwa maneno amekwisha maneno. Mabadiliko yapo, ila mwandishi hakuyatangaza, nawe ulikuwa umeshachoka kumsikiliza. Sikulaumu.

Na iko sehemu moja mapema kabisa ambapo Dean yuko hai hata gari likiwa linakwenda, kwa sababu yuko kazini. Anaegesha magari ya watu New York. Anarudisha gari kinyumenyume kwa maili 40 kwa saa, analipachika kwenye nafasi nyembamba, anaruka, anakimbilia jingine. Nilisoma nikasema, huyu namjua, huyu ni kama wale vijana wetu wa stendi. Baadaye tunaambiwa amefanya kazi reli, mtu wa breki. Mimi ni wa Tabora, mji ambao nusu ya nyumba zilijengwa kwa mshahara wa reli, na nilitaka sana kumwona akiwa juu ya behewa, usiku, na taa yake. Hatuonyeshwi.

Nikusimulie jambo la nyumbani, maana ndilo lililonifanya niweke penseli mahali nilipoiweka. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Bedford, kati ya hapa na Kigoma. Kwenda alibeba tumbaku au mahindi, kurudi alileta chumvi ya Uvinza, dagaa, madumu ya mawese. Akifika, watoto wa mtaa mzima walikaa ukumbini kumsikiliza. Habari za tope, za simba waliolala barabarani karibu na Malagarasi, za utingo wake aliyelala juu ya magunia akaamka lori limeinama. Tulimpenda kama watu wanavyompenda mtu wa kwenye hadithi. Asubuhi ya tatu ameondoka.

Nilipokuwa na miaka kumi, jeki ilimteleza, akavunjika mguu, akakaa nyumbani wiki kumi na moja. Siku ya pili ya kukaa kwake alimuuliza mama, "Sukari mnanunua wapi?" Alikuwa na nyumba ile miaka kumi na miwili. Mama alisimama na kikombe mkononi, akamjibu taratibu, akamtajia duka, akamwelekeza kana kwamba ni mgeni. Usiku tukagundua kwamba anaogopa bundi. Bundi akilia juu ya mwembe, yule mtu wa simba wa Malagarasi alimwomba mama asizime koroboi. Nikamwona pia akimchagulia mdogo wangu miba ya samaki, polepole, mmoja mmoja, na kuipanga ukingoni mwa sahani. Sikuwa nimewahi kuiona mikono yake ikifanya kitu kidogo. Mguu ulipopona akaondoka tena, na hadithi zikaendelea, lakini tangu hapo nilikuwa na baba.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba wembamba wa wahusika katika On the Road ni sawa tu kwa sababu ni kitabu cha safari. Safari inasimama. Mwandishi mwenyewe ametuonyesha kwamba ikisimama anaweza. Alipokuwa na haraka ya kuondoka, alituacha pale.

Kuhusu Sal, rudi ukurasa wa kwanza. Anataja kwamba ametoka kuachana na mkewe, kwamba ameugua, na kwamba ugonjwa huo hataki kuuzungumzia. Hataki! Msimulizi anafunga mlango mbele yako kabla hata hujaketi. Katika maandishi ya awali, hayo ya kabla ya kuhaririwa, kitabu kinaanza na kifo cha baba. Baba wa Kerouac alifariki 1946, mwaka mmoja kabla ya safari ya kwanza. Ukishalijua hilo, ile habari ya kumtafuta mzee wa Dean, mlevi wa Denver ambaye hawampati mpaka kitabu kinaisha, inakuwa nzito zaidi. Wanaume wawili wanazunguka nchi wakitafuta baba mmoja, na mwenye kufiwa hasemi kwamba amefiwa. Mimi naona huzuni hiyo ni ya kweli, na naona pia ni haki yako kulalamika kwamba umefichwa.

Ambalo silisamehi ni Camille na Marylou, mke wa kwanza wa Dean. Camille anafungua mlango, analia, anawafukuza, mlango unafungwa, na sisi tunabaki nje barabarani na wanaume. Ndani mle kuna nini baada ya mlango kufungwa? Nani anabembeleza mtoto, kodi inatoka wapi, analala saa ngapi? Nimekulia upande wa ndani wa mlango kama huo na najua kuna riwaya nzima mle.

Umetaja wahusika duara. Usiifanye istilahi ile kuwa rungu. Mgawanyo wa bapa, yaani mhusika wa sifa moja tu, na duara tuliupata kwa Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa 1927, na yeye mwenyewe hakuwafukuza wahusika bapa riwayani. Mwaka uleule wa 1951 ambao Kerouac alikuwa akiandika kitabu chake kwa mashine, Shaaban Robert alitoa Kusadikika. Nayo ina safari: wajumbe sita wanapelekwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakalete mambo ya kuifaa nchi yao, na wanarudi kutiwa gerezani. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Humjui hata mmoja anapenda chakula gani, na hukasiriki, kwa sababu tangu majina yao umeambiwa kwamba wamebeba hoja, na hoja inafika. Kerouac hakukupa hoja. Alikuahidi watu, rafiki zake wa damu, na ahadi hiyo ndiyo unayomdai.

Nadhani najua kilichomponza. Wahusika wake ni watu halisi: Dean ni Neal Cassady, Carlo Marx ni Allen Ginsberg, Old Bull Lee ni William Burroughs, Camille ni Carolyn, mke wa Cassady. Watu hawa walikuwa wamejaa tele kichwani mwake. Akiandika "Dean akacheka", yeye alikisikia kile kicheko, akaliona koo, akakumbuka usiku wenyewe. Sisi tulipata maneno mawili. Hilo ndilo nataka ulichunguze katika madaftari yako, maana nawe naamini unaandika watu unaowajua. Chukua ukurasa wowote, mpe mtu ambaye hajawahi kufika Mwanga, kisha muulize huyu abiria ana umri gani na anaogopa nini.

Na treni yako ina bahati ambayo Hudson, lile gari la Dean, haikuwa nayo: inasimama sana. Inasimama Uvinza, inasimama Kaliua, inasimama Urambo, na hapa Tabora watu wa Mwanza wanaingia, nafasi zinagombewa upya, mtu aliyekuwa mpole tangu Kigoma anaonyesha meno. Behewa la daraja la tatu likisimama porini saa nne usiku, feni hazizunguki, mtoto analia, ndipo unapomjua anayetoa maji yake ya chupa na anayeyaficha chini ya kitenge. Niletee kurasa hizo. Zile za treni kukimbia dirisha likipigwa na upepo, ziandike ukipenda, lakini hizo zinaweza kusubiri.

SWALI

Mwalimu, ni kweli kwamba kitabu hicho kiliandikwa kwa wiki tatu tu? Mwenzangu darasani anasema ndiyo maana ni chepesi.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora

JIBU

Kilichapwa kwa mashine kwa wiki tatu, Aprili 1951, kwenye karatasi zilizounganishwa zikawa ukanda mmoja wa karibu meta 36, bila aya, ili asisimame kubadilisha karatasi. Lakini alikuwa na madaftari ya miaka kadhaa nyuma yake, na kitabu kilitoka 1957, kimeshapunguzwa na majina ya watu yamebadilishwa. Ukanda wenyewe ulichapishwa kama ulivyo mwaka 2007. Mwambie mwenzako kwamba haraka ile ndiyo iliyoleta mdundo, na mdundo wa lugha ni kitu ambacho kitabu hiki kinacho kweli. Soma kurasa za muziki wa jazi kwa sauti. Kilichokosekana ni kurudi nyuma kuwajaza watu, na miaka sita ilitosha.

SWALI

Mwalimu, binti yangu alinihadithia kitabu hicho. Mume wangu ni dereva wa masafa marefu. Nilitaka kujua kama wale wanawake walioachwa waliwahi kusema lolote.

Mama wa Urambo

JIBU

Walisema, dada yangu, na nashukuru umeuliza. Carolyn Cassady, ndiye Camille, aliandika kumbukumbu zake zikatoka 1990, akaziita Off the Road, yaani nje ya barabara, upande aliokuwa yeye. Humo mna nyumba, watoto, bili, na mume anayeingia na kutoka.

Terry alikuwa Bea Franco, mtoto wa familia ya vibarua wa mashambani California. Mwandishi Tim Z. Hernandez alimtafuta mpaka akampata akiwa na miaka karibu 90, na bibi huyo hakuwa akijua kwamba yumo kitabuni. Zaidi ya nusu karne watu walimsoma, naye anaendelea na maisha yake. Kitabu cha Hernandez kilitoka 2013, na Bea alifariki mwaka huohuo. Barua alizomwandikia Kerouac zipo bado, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York.

Nawe una daftari? Niandikie siku moja tu. Lori limeondoka saa kumi alfajiri, vumbi limetulia, na wewe saa kumi na moja unafanya nini.